Chupa Kutoka Leicester: Vidonge vya Mifupa na Moyo Vinamfaa Nani?

Msomaji amfikirie mama wa miaka 62 anayeishi Tanga, mwalimu mstaafu. Kila baada ya miezi michache hupokea kifurushi kutoka kwa binti yake, muuguzi katika mji wa Leicester nchini Uingereza. Ndani yake, pamoja na sabuni na peremende za wajukuu, huwamo chupa mbili za vidonge vikubwa vyeupe. Lebo ya chupa ina picha ya mfupa na picha ya moyo, na chini ya picha hizo yameandikwa majina ya vitu vitatu: kalsiamu, vitamini D3 na vitamini K2. Mama humeza vidonge viwili kila siku, kimoja asubuhi na kimoja usiku, wala hasahau, kwa kuwa vimetoka kwa mwanawe.

Mama huyo ana shinikizo la juu la damu. Siku ya kliniki daktari humwuliza, "Mama, mbali na dawa tulizokuandikia, zipo nyingine unazotumia?" Naye hujibu bila kusita, "Hapana, daktari, ni hizo hizo zenu tu." Hasemi uongo. Kwake yeye, kwa binti yake, na hata kwa kiwanda kilichotengeneza vidonge hivyo, vile si dawa bali ni lishe.

Mama huyu ametolewa kwa mfano tu, lakini hakuna tabibu wa magonjwa ya watu wazima katika Afrika Mashariki ambaye hajakutana naye kwa sura moja au nyingine. Wapo wanaoletewa chupa na ndugu walio ng'ambo. Wapo wanaouziwa na jirani anayepita nyumba kwa nyumba. Wapo waliokabidhiwa chupa baada ya kushikishwa fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta na kuambiwa kwamba mashine imeona upungufu wa vitamini mwilini. (Ieleweke hapa kwamba kiwango cha vitamini D hupimwa kwa damu iliyotolewa mshipani na kupelekwa maabara. Fimbo inayoshikwa kiganjani haiwezi kukijua.) Swali la wote hao ni moja na ni la haki: je, vidonge hivi vinaimarisha mifupa na kuulinda moyo kama lebo inavyodai?

Jibu linahitaji kwanza kueleweka kwa kazi ya mfupa wenyewe. Mfupa si nguzo kavu iliyosimikwa ikaachwa. Ni tishu hai inayobomolewa na kujengwa upya siku zote. Zipo seli zinazomeng'enya mfupa uliochakaa na seli nyingine zinazoweka mfupa mpya mahali pake. Utotoni na ujanani wajenzi huwashinda wabomoaji, na mifupa hufikia uimara wake wa juu karibu na umri wa miaka 30. Kuanzia hapo mizani huinama polepole upande wa pili. Kwa mwanamke, hasara kubwa huja katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, kwani homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji hupungua sana. Mfupa uliopungukiwa hauumi wala hautoi dalili. Mara nyingi taarifa ya kwanza ni kuvunjika: kiwiko cha mkono baada ya kuteleza bafuni, pingili ya mgongo baada ya kuinua ndoo, au nyonga, ambayo kwa mzee ndiyo mbaya kuliko zote.

Takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Ile iliyobaki, iliyo katika damu na tishu nyingine, ndiyo inayowezesha misuli kukaza, neva kupeleka ujumbe na moyo kupiga, na kwa sababu hiyo mwili hauruhusu kiwango chake katika damu kiyumbe. Kikishuka kidogo, tezi nne ndogo zilizo shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, hutoa homoni inayoamuru kalsiamu ichotwe mfupani. Mtu ambaye chakula chake kimekosa kalsiamu kwa miaka mingi huwa hana upungufu katika damu yake. Upungufu umo mifupani, alikokuwa akikopa bila kujua.

Vitamini D huamua ni kiasi gani cha kalsiamu iliyoliwa kitavuka ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Sehemu kubwa ya vitamini hii haitoki katika chakula. Ngozi huitengeneza inapopigwa na miale ya jua, kisha ini na figo huikamilisha. Mwenye figo zilizoshindwa kazi anaweza kukaa juani kutwa na bado asipate umbo la vitamini D linalofanya kazi.

Vitamini K ndiyo ngeni kati ya hizi tatu, ingawa historia yake ni ya zamani. Aliyeigundua ni Henrik Dam wa Denmark, aliyeona vifaranga waliolishwa chakula kisicho na mafuta wakivuja damu ovyo. Herufi K ilitokana na neno linalomaanisha kuganda katika lugha yake, na ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Edward Doisy wa Marekani. Baadaye ilibainika kwamba vitamini hiyo huamsha pia protini nyingine zisizohusika na kuganda kwa damu: moja iliyo ndani ya mfupa, na nyingine iliyo katika kuta za mishipa ya ateri, ambayo kazi yake ni kuzuia chokaa isijijenge humo. Mwaka 1997 watafiti walieleza habari za panya waliozaliwa bila protini hiyo ya mishipani. Walikufa kabla ya kufikisha miezi miwili, ateri zao zikiwa zimegeuka chokaa na kupasuka.

Kutokana na panya hao ilizaliwa simulizi inayobebwa na lebo ya chupa ya mama wa Tanga. Vitamini D huingiza kalsiamu mwilini, na vitamini K2 huielekeza mfupani na kuizuia isiingie mishipani. Ni simulizi nzuri, na sehemu kubwa ya elimu-viumbe iliyomo ni ya kweli. Lakini panya aliyenyimwa protini nzima hafanani na mwanamke anayekula mchicha mara nne kwa wiki. Kama kuongeza kidonge juu ya chakula cha kawaida kunamsaidia binadamu, hilo huamuliwa kwa majaribio tu, pale watu wanapogawanywa kwa kura, nusu wapewe kidonge chenye dawa na nusu kidonge mfano kisicho na kitu, kisha wafuatiliwe kwa miaka.

Yaliyopatikana katika majaribio

Jaribio lililoleta matumaini makubwa lilifanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 1992. Wanawake 3,270 waliokuwa wakiishi katika nyumba za kulelea wazee walipewa miligramu 1,200 za kalsiamu na yuniti 800 za vitamini D kila siku, au vidonge mfano. Baada ya miezi 18, waliopata vidonge halisi walikuwa na mivunjiko ya nyonga pungufu kwa asilimia 43. Ni matokeo makubwa, na yangali yakitajwa katika vipeperushi vya wauzaji. Kinachosahauliwa ni wanawake hao walikuwa nani. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 84, waliishi ndani, jua waliliona dirishani, na akiba yao ya vitamini D ilikuwa imekwisha. Walikuwa na pengo, na kidonge kilizibia pengo hilo.

Wanasayansi walipotaka kujua kama faida hiyo itawafikia watu wazima walio na afya ya kawaida, habari ilibadilika. Nchini Marekani wanawake 36,282 waliokoma hedhi walifuatiliwa kwa wastani wa miaka saba, nusu yao wakimeza kila siku miligramu 1,000 za kalsiamu na yuniti 400 za vitamini D. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba mfupa wa nyonga uliongezeka uzito kidogo, lakini idadi ya mivunjiko ya nyonga haikupungua kwa kiwango kinachoweza kutofautishwa na bahati. Mawe ya figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Mashambulio ya moyo na kiharusi hayakupungua wala kuongezeka.

Jaribio jingine la huko huko, lenye washiriki 25,871, lilitumia yuniti 2,000 za vitamini D kwa siku kwa muda wa zaidi ya miaka mitano. Halikupunguza mashambulio ya moyo, kiharusi wala saratani, na taarifa yake ya mwaka 2022 ilieleza kwamba halikupunguza hata mivunjiko ya mifupa. Waliochaguliwa walikuwa watu wa kawaida, na wengi wao hawakuwa na upungufu wa vitamini hiyo tangu mwanzo.

Kuna waliodhani kwamba kasoro ilikuwa udogo wa dozi. Huko Australia wanawake 2,256 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walishiriki jaribio la dozi moja kubwa, yuniti 500,000 kwa mara moja kila mwaka. Mwaka 2010 ilibainika kwamba waliopewa vitamini walianguka mara nyingi zaidi kwa asilimia 15 na kuvunjika zaidi kwa asilimia 26 kuliko waliopewa vidonge mfano. Hakuna aliyelitarajia hilo, na linafaa kukumbukwa na kila anayechomwa sindano kubwa ya vitamini D "ya kumalizia mwaka" bila kupimwa damu.

Upande wa moyo, vitamini zina historia ndefu ya kuvunja matumaini. Vitamini E ilishindwa mwaka 2000 katika jaribio la watu zaidi ya 9,000. Vitamini za kundi B zilishusha kemikali moja ya damu iliyohusishwa na ugonjwa wa moyo, lakini hazikupunguza vifo vya moyo. Beta-karotini, rangi ileile inayoipa karoti wekundu wake, ilitolewa kwa wavutaji sigara nchini Finland na saratani ya mapafu ikaongezeka badala ya kupungua.

Kuhusu kalsiamu yenyewe, watafiti wa New Zealand walizua mjadala mwaka 2008 na tena mwaka 2010 waliporipoti kwamba watumiaji wa vidonge vya kalsiamu pasipo vitamini D walipata mashambulio ya moyo kwa wingi zaidi kuliko wasiotumia. Dhana yao ni kwamba kidonge hupandisha kalsiamu ya damu kwa ghafla, jambo lisilotokea mtu anapokula dagaa au kunywa maziwa. Wataalamu wengine walipitia ushahidi wote na kusema hatari hiyo haijathibitika. Mabishano hayajakwisha. Wanaobishana wote, hata hivyo, wanakubaliana juu ya jambo moja: hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba kidonge cha kalsiamu kinaulinda moyo wa mtu mzima. Picha ya moyo kwenye chupa haina jaribio nyuma yake.

Vitamini K2 inastahili kutendewa haki. Uchunguzi wa Rotterdam uliochapishwa mwaka 2004 uliona kwamba watu waliokula zaidi vyakula vyenye vitamini hiyo, hasa jibini, walikufa kidogo zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Uholanzi huko huko, wanawake 244 waliopewa K2 au kidonge mfano kwa miaka mitatu walionyesha tofauti ndogo ya upotevu wa mfupa, waliopata K2 wakipoteza kwa kasi ndogo zaidi. Lakini wala jibini halithibitishi kidonge, wala upimaji wa uzito wa mfupa si sawa na kuhesabu mivunjiko. Na lilipokuja jaribio la kuipima simulizi yenyewe, yaani kama K2 pamoja na D zinazuia chokaa kujijenga katika vali ya moyo, wanaume 365 wa Denmark walifuatiliwa kwa miaka miwili na chokaa ikaendelea kujijenga kwa kasi ileile katika makundi yote mawili. Hayo yalitangazwa mwaka 2022.

Jua la Leicester na jua la Tanga

Binti wa mama huyu hakukosea kununua vidonge. Serikali ya Uingereza huwashauri watu wote wafikirie kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku, yaani yuniti 400, wakati wa majira ya vuli na baridi, na huwashauri wenye ngozi nyeusi na wanaofunika mwili wafanye hivyo mwaka mzima. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi jua la nchi ile halina nguvu ya kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Ngozi nyeusi, iliyoumbwa kujikinga na jua la ikweta, huhitaji muda mrefu zaidi juani kupata kiasi kilekile. Muuguzi Mtanzania anayeingia kazini alfajiri na kutoka jioni katikati ya Januari ndiye hasa aliyelengwa na ushauri huo. Lililokwenda kombo ni kwamba ushauri wa mbingu moja umefungwa kwenye kifurushi na kutumwa chini ya mbingu nyingine.

Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya vipimo vya damu vya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania, watu wanaoshinda nje kama mababu zao. Wastani wa vitamini D yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya maradufu ya kiwango cha 50 ambacho kamati nyingi za wataalamu hukihesabu kuwa cha kutosha. Hakuna aliyewapa kidonge. Bila shaka si kila Mtanzania anaishi kama Mhadzabe. Karani anayeshinda ofisini penye kiyoyozi, mzee asiyeweza tena kutoka chumbani, na mwanamke wa pwani ambaye buibui humfunika kutoka utosini hadi miguuni wanaweza kupungukiwa, kama wanavyopungukiwa wengi katika Oman na nchi nyingine za Ghuba licha ya jua kali la huko. Dar es Salaam yenyewe ilitoa watu wazima 4,000 wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wenye vitamini D ya chini kwa ajili ya jaribio lililochapishwa mwaka 2020. Kuongezewa vitamini hiyo hakukupunguza vifo wala kifua kikuu, jambo linalokumbusha kwamba kiwango kidogo kinachoonekana kwenye karatasi ya maabara si lazima kiwe chanzo cha ugonjwa.

Kwa nchi zenye jua, mara nyingi kinachokosekana ni kalsiamu ya chakula. Daktari mmoja na wenzake walilionyesha hilo vizuri nchini Nigeria mwaka 1999 kwa watoto 123 wenye matege. Watoto hao walikuwa wakicheza juani kila siku. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Vyakula vyao vya nafaka havikuwa na maziwa.

Hapa ndipo kidonge cha kalsiamu kinapopata heshima yake ya kweli, na jambo la kushangaza ni kwamba hakuna picha yake kwenye lebo za mifupa na moyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wajawazito wanaokula kalsiamu kidogo wapewe gramu 1.5 hadi 2 kwa siku ili kupunguza hatari ya shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kuishia katika kifafa cha mimba. Tatizo ni kwamba gramu hizo ni vidonge vitatu au vinne vikubwa kila siku, tena vinavyopaswa kutenganishwa na vidonge vya madini ya chuma, na wajawazito wengi huchoka navyo. Watafiti wa Tanzania na India walijiuliza kama kidonge kimoja kingetosha. Katika kila nchi waliandikisha wanawake 11,000 wenye mimba ya kwanza, kwa upande wa Tanzania wakiwa wa Dar es Salaam, wakawagawa kati ya miligramu 500 na miligramu 1,500. Matokeo yalitoka mwanzoni mwa mwaka 2024: kwa kuzuia tatizo hilo la ujauzito, dozi ndogo haikuwa duni kuliko kubwa. Kwa hiyo kalsiamu iliyo katika chupa ya mama mstaafu, ambaye haijulikani kama inamsaidia, ingemfaa zaidi jirani yake mwenye ujauzito wa kwanza, ambaye huenda hajapewa hata kidonge kimoja.

Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 huhitaji 1,200. Hesabu hiyo hujumlisha chakula, jambo ambalo lebo hazisemi. Glasi moja ya maziwa, mabichi yaliyochemshwa au mgando, ina karibu miligramu 300. Gramu 100 za unga wa ulezi zina zaidi ya 300. Ufuta usiokobolewa unakaribia 1,000 kwa kiasi hichohicho, ingawa ni nadra mtu kula ufuta mwingi hivyo kwa mlo mmoja. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao ni akiba kubwa ambayo watu wa pwani na wa maziwa makuu wanayo mlangoni. Mchicha nao una kalsiamu, lakini una pia okzaleti inayoishika kalsiamu hiyo isifyonzwe yote, kwa hiyo usihesabiwe peke yake.

Wapo wanaohitaji vidonge, na hawa wasiondolewe kwa sababu ya majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye afya. Ni wazee wasiotoka nje, watu wanaotumia predinisoloni kwa miezi mingi, wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini na fenobabitoni, wenye magonjwa ya utumbo yanayozuia kufyonza chakula, na wale ambao tayari wamevunjika mfupa na wanatibiwa kwa dawa maalumu za kuimarisha mifupa. Dawa hizo hujaribiwa daima pamoja na kalsiamu na vitamini D, na bila vitu hivyo zinaweza kushusha kalsiamu ya damu.

Vidonge vinapokutana na dawa

Madhara makubwa ya chupa hizi mara nyingi hayatoki ndani ya chupa. Hutoka katika kukutana kwake na dawa ambazo daktari ameandika bila kujua kwamba chupa ipo.

Mama wa Tanga, kama wagonjwa wengi wa shinikizo la damu katika kanda hii, anatumia dawa ya kukojoza ya kundi la thiazaidi. Dawa hizo huzifanya figo zizuie kalsiamu isitoke katika mkojo. Akiongeza juu yake miligramu 1,200 za kalsiamu na vitamini D ya kuifyonza, kalsiamu ya damu inaweza kupanda. Dalili zake ni za kawaida mno kiasi cha kudanganya: kiu, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu, kichefuchefu, uchovu, na kwa mzee kuchanganyikiwa. Ndugu husema ni uzee, na wakati mwingine husema ni malaria.

Anayetumia warfarini yumo katika hatari ya haraka zaidi. Vijana wengi wa Afrika Mashariki ambao vali zao za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi wamewekewa vali za chuma, na maisha yao yanategemea warfarini kuzuia damu isigande juu ya vali hizo. Warfarini hufanya kazi kwa kuizuia vitamini K. Mgonjwa huyo akianza kumeza kidonge chenye K2 kwa nia njema ya kuusaidia moyo wake, huwa anaifuta dawa yake mwenyewe. Damu ikiganda kwenye vali, vali hukwama, au donge hukatika na kwenda kwenye ubongo. Mgonjwa wa aina hii haambiwi aache mchicha na kisamvu, vyenye vitamini K pia. Huambiwa ale kiasi kinacholingana wiki kwa wiki ili dozi ya warfarini ipangwe kulingana na chakula hicho. Asichopaswa kufanya ni kuongeza au kuacha ghafla, na kidonge cha K2 ni nyongeza ya ghafla.

Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, kalsiamu na madini ya chuma huishika dolutegraviri tumboni na kupunguza kiasi kinachoingia katika damu. Dawa hiyo imo katika kidonge kinachotumiwa sasa na watu wengi zaidi kuliko kingine chochote cha tiba hiyo. Ufumbuzi ni rahisi: dolutegraviri imezwe saa mbili kabla ya kalsiamu au saa sita baada yake, au vyote viwili vimezwe pamoja na chakula. Lakini ni rahisi kwa yule tu aliyeambiwa. Dawa ya thairoidi na antibiotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini nazo huzuiwa na kalsiamu kwa namna inayofanana.

Iko hatari nyingine ambayo haina kemia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Tanzania ana shinikizo la juu la damu. Wengi hawajui, na wengi wanaojua hawamezi dawa kila siku, kwa kuwa hawahisi ugonjwa. Mtu wa namna hiyo akipewa chupa yenye picha ya moyo, tena yenye bei kubwa kuliko dawa zake zote za mwezi, anaanza kuona kwamba moyo umeshapata ulinzi. Kidonge cha presha kinarukwa siku ya kwanza, kisha wiki. Shinikizo la damu, chumvi inayozidi gramu tano kwa siku ambazo Shirika la Afya Duniani limeziwekea kikomo, na sigara ndivyo vinavyoleta kiharusi na moyo kushindwa kazi katika miji ya kanda hii. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa kwa K2.

Lawama zote zisimwangukie mgonjwa. Nchini Marekani, ambako chupa nyingi hizi hutengenezwa, sheria ya mwaka 1994 inaviweka virutubisho hivi katika kundi la vyakula, na mtengenezaji halazimiki kuthibitisha kwamba vinafanya kazi kabla ya kuviuza. Nao matabibu huuliza swali kwa neno lisilofaa. Anayeulizwa kuhusu "dawa" hatataja kirutubisho, mitishamba, wala unga wa mlonge anaoutia kwenye uji. Swali linalofanya kazi ni la wazi zaidi: "Mama, kila kitu unachomeza, kunywa au kuchomwa kwa ajili ya afya, hata kama si cha hospitali, naomba uje nacho siku ijayo."

Mama wa Tanga akiulizwa hivyo, atafungua mfuko na kutoa chupa yake, pengine kwa fahari, kwa kuwa ni ya mwanawe. Daktari atasoma lebo, ataandika kalsiamu na vitamini hizo kwenye kadi chini ya dawa ya presha, na ataagiza kipimo cha kalsiamu ya damu na cha figo. Atamwuliza kama amewahi kuvunjika mfupa, kama mama yake aliwahi kuvunjika nyonga, anakula nini, na kama hutoka nje. Ikiwa anakunywa maziwa, anakula dagaa, na kila asubuhi huanika nguo na kupalilia bustani yake, chupa itasimamishwa na dawa ya presha itaendelea. Ikiwa majibu ni tofauti, huenda kidonge kimoja kwa siku kikabaki kwenye kadi, na dawa ya kukojoza ikabadilishwa badala yake.

Kisha atapiga simu Leicester. Binti atauliza kama atume tena, na mama atamwambia chupa zile abaki nazo mwenyewe, majira ya baridi yanakaribia.